Gitaa la Mwezi wa Ramadhani

Mpiga gitaa la rithim wa bendi ya mtaani kwetu, Bagamoyo, alipata kazi katika kiwanda cha nguo Dar es Salaam, akahama siku chache kabla ya Ramadhani. Nafasi yake ikabaki wazi. Niliitaka nafasi hiyo kuliko kitu kingine chochote, ila sikumwambia mtu. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, namsaidia baba dukani, na nilikuwa mtu wa kusema nikiulizwa tu.

Mpiga solo wa bendi hiyo alikuwa fundi cherehani, jirani yetu. Nilimfuata barazani kwake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeleta kitambaa?"

"Hapana."

"Umeleta nini, basi?"

Nikalitazama gitaa lake lililotundikwa ukutani. Akanitazama mimi, akalitazama gitaa, akaendelea kukanyaga cherehani.

"Nafasi ya rithim," akasema mwenyewe. "Haya. Lakini na wewe umechagua mwezi."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwezi wa Ramadhani hakuna aliyepiga muziki mtaani kwetu, na fundi cherehani ndio mwezi asiopumzika, kwa kuwa kila nyumba inataka nguo za Idi. Bendi ingekutana tena asubuhi ya Idi pili, na jioni yake kulikuwa na dansi. Kama nataka nafasi, lazima siku hiyo niwe najua kupiga.

Tukafanya tulivyoweza. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilikaa kwenye kigoda mbele ya cherehani, gitaa mapajani. Fundi alinikataza kuzigusa nyuzi kwa mkono wa kulia. Nilipanga vidole vya kushoto tu, naye akivitazama huku anashona.

"Hiyo C. Sasa nenda F. Kidole cha shahada ukilaze kote. Cha pete kimesinzia, kiamshe."

Baada ya mishiko hiyo ya C, F na G akanifundisha ngazi, do re mi, kupanda na kushuka, kidole baada ya kidole, bila sauti. Niliziimba kichwani. Ncha za vidole ziliniuma, kisha zikaota sugu. Kufika kumi la mwisho niliweza kuhama mshiko mmoja hadi mwingine bila kutazama, na fundi alikuwa akiinua kichwa mara chache tu.

Mtu mwingine angechoshwa na mafunzo ya namna hiyo. Mimi yalinifaa. Watu walipita na sahani zao za futari, wakaniona nimeinamia gitaa, wakasalimu wakaenda. Hakuna aliyesikia nimekosea wapi. Hata mimi sikusikia.

Asubuhi ya Idi pili tulikutana katika chumba nyuma ya ukumbi wa dansi. Nilimkuta kijana mwingine, ametoka Fukayosi na gitaa lake mwenyewe. Kwao ni Wakristo, na gitaa lile halikulala mwezi mzima. Alijua mishiko mitatu, basi. Aliipiga ile ile, na miguu ya watu chumbani ikaanza kucheza yenyewe.

Zamu yangu ikafika. Mkono wa kushoto ulifanya kila ulichofundishwa. Nilihama kutoka C kwenda F, kutoka F kwenda G, na mpiga ngoma akanong'ona kwamba vidole hivyo si vya mwanafunzi. Lakini mkono wa kulia ulichelewa. Uligonga nyuzi nilipokwisha kuondoka kwenye mshiko, au ukagonga mara mbili pasipotakiwa. Tena nyuzi mbili zilikwaruza, maana sikuwahi kuzisikia nikajua kwamba sizibani sawasawa. Niliendelea mpaka mwisho kwa kuwa sikujua namna ya kusimama.

"Mkono wa kushoto umeshafuturu," akasema mpiga besi. "Wa kulia bado umefunga."

Wakacheka. Fundi naye alicheka, kisha akaacha.

"Kosa langu," akawaambia. "Nilimsomesha kwa macho."

Kiongozi wa bendi hakucheka. Alisema dansi ni jioni, na jioni watu wanataka kucheza. Nafasi akampa kijana wa Fukayosi. Hapakuwa na la kubisha. Jioni nililipa kiingilio kama wengine, nikasimama karibu na jukwaa. Mishiko yake niliijua yote. Niliutazama mkono wake wa kulia mpaka watu walipotawanyika.

Siku iliyofuata nilirudi kwa fundi. Baraza yake inatazama njia, na ng'ambo ya njia alikaa mama mmoja mwuza vitumbua. Mfungo ulikwisha, hapakuwa na sababu tena ya kunyamaza. Nilikaa na gitaa kwa muda mrefu kabla ya kuzigusa nyuzi. Fundi alikuwa anaondoa uzi kwenye sindano, hakunihimiza. Mwisho nikapiga. Nikakosea, nikapiga tena. Watoto wawili wakasimama kunitazama, masikio yangu yakawa ya moto.

"We mwanangu," akaita yule mama, "wimbo huo hauna mwisho?"

"Unao, mama."

"Basi ufike, tupumzike."

Nikaanza upya, kwa sababu pale katikati nilikuwa nimekosea.