Nguzo Kwenye Ardhi ya Kesi

Nilihitaji faiba, intaneti ya waya, nyumbani kwa sababu moja tu: kesi yangu. Mahakama siku hizi husikiliza mashauri ya ardhi kwa njia ya mtandao, na nyumba yangu, chini ya soko la Karurumo, imekaa bondeni ambako simu hushika inapotaka yenyewe. Mara mbili sauti yangu ilikatika katikati ya maelezo, na hakimu akaonya kwamba nikikosekana tena shauri litafutwa. Nilijaribu kwenda saiba ya sokoni, kwenye kompyuta za kukodi. Watu walisimama nyuma yangu wakisikiliza, na kufikia jioni soko zima lilijua kwamba nimeshindwa kesi ambayo haijaamuliwa.

Niliyemshtaki ni ndugu yangu mdogo. Tunagombania ukanda wa shamba wenye upana wa mistari minne ya kahawa, ulio kati ya nyumba yangu na barabara. Analima yeye. Kwa miaka sita hatukuwa tumeamkiana.

Fundi wa faiba alikuwa mwanamke wa makamo, mkanda wa kupandia nguzo kiunoni. Alipima kwa hatua, akarudi.

"Mwalimu, waya haufiki bila nguzo moja pale kwenye kahawa. Mwenye shamba atie sahihi fomu hii. Ni nani?"

"Suala hilo liko mahakamani."

"Basi hakimu aje achimbe shimo."

Majirani walikuwa wameniambia kwamba ndugu yangu ameapa kukata waya wowote utakaopita pale. Mimi sikuwa nimemsikia akiapa. Nilikwenda mwenyewe, polepole, kwa sababu ya magoti.

Nilimkuta akichuma muguka, yale majani ya kutafuna.

"Umekuja na chifu?"

"Nimekuja na karatasi."

"Wewe hujawahi kuja bila karatasi." Aliisoma yote, akanirudishia. "Nitatia sahihi. Lakini hapa juu, jina la mwenye shamba, andika wewe. Mwalimu ni wewe."

Akaendelea kuchuma.

Niliketi juu ya gunia, kalamu mkononi. Miaka yote darasani niliwanyima alama wanafunzi walioandika wasichoweza kuthibitisha. Mimi ningethibitisha nini? Baba hakuacha maandishi. Ushahidi wangu wote ulikuwa shangazi, aliyesema kwamba baba alisema ukanda ule ni wa mwana wa kwanza. Shangazi amekufa, na hata alipokuwa hai sikumuuliza aliyasikia lini wala mbele ya nani. Mtu mwingine angeniletea hoja ya namna hiyo ningemwambia aketi chini. Kahawa ile, kwa upande mwingine, ndugu yangu aliipanda baba akiwa hai, akimtazama.

Niliandika jina la ndugu yangu. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Umechoka, mwalimu?"

"Nimechoka."

"Hata mimi," alisema, akaiweka karatasi gotini, akatia sahihi.

Nguzo ilisimamishwa wiki hiyohiyo. Siku ya kesi picha ilitulia na sauti haikukatika hata mara moja. Nilimwomba hakimu aniruhusu kuliondoa shauri langu. Aliuliza kama kuna mtu aliyenilazimisha. Nikasema hapana.

Pembeni ya skrini alionekana ndugu yangu, amesimama barabarani na simu yake, uso ukiganda na kurudi.

"Mheshimiwa, sijasikia. Mwalimu amesema nini?"

"Rudia, asikie," hakimu akaniambia.

Nikarudia, sentensi nzima, tangu mwanzo.