Asicheke Mbele ya Watu

Harufu ya kitunguu kibichi ilijaa chumba cha sayansi. Mwalimu alikuwa ameponda ncha ya mzizi wake juu ya kioo, akatuita mmoja mmoja kwenye darubini. Nikaona seli imejengewa ukuta katikati, inagawanyika kuwa mbili. "Ndivyo mzizi unavyorefuka," alisema, "na ndivyo jino linavyoota." Mimi ambaye huwa siulizi kitu nikauliza: likitangulia la juu je? Akanishangaa. "Basi limetangulia la juu. Kuna nini?"

Kuna nini! Nilirudi bwenini na hasira.

Nilikuwa na miaka tisa, kwetu milimani juu ya Same, mdogo wangu Elieza alipoota meno mawili ya juu kabla ya chini. Mtoto wa namna hiyo ni kigego. Zamani waliuawa. Siku zetu Serikali ilikwisha kataza, na sisi tulikuwa watu wa kanisani, lakini bado ilisemwa kigego huleta vifo nyumbani, na ukoo uliweza kumwondoa akalelewe na wageni huko tambarare. Mama akaniambia jambo moja tu: "Asicheke mbele ya watu mpaka ya chini yatoke."

Ninyi mliowahi kulea mnajua. Elieza alimchekea kila mtu, hata mbuzi. Kulia nako hakufai, maana mdomo unafunguka vilevile. Basi nilimjaza ndizi za kuponda, na akianza kutabasamu nilimziba kwa kanga, kicheko chake kikanipiga kiganjani, cha moto.

Siku moja shangazi, dada yake baba, alikuja tuchambue maharage, Elieza ameketi kando yangu, kanga mdomoni.

"Wifi, mtoto anazibwa kama chungu cha pombe ya miwa! Atachacha huyu!"

"Ana mafua, wifi," mama akasema.

Shangazi akacheka, akanyoosha mkono aivute kanga. Nikapiga kelele, "Usimguse!"

Mama akanizaba kofi, nikaangukia ungo, maharage yakatapakaa sakafuni. "Huna adabu wewe! Mwombe shangazi yako radhi!"

"Jamani wifi, mtoto huyu, taratibu," shangazi akasema, akapiga magoti kunipangusa machozi. Mama akambeba Elieza, akaingia naye jikoni.

Nilimchukia mama miezi mingi. Meno ya chini yalipotoka, bibi alichinja kuku, wakampokezana Elieza wakimchungulia mdomoni, vigelegele juu. Mimi sikula.

Nimechelewa kuelewa. Mama alikuwa anatafuta mahali pa kuyapeleka macho ya shangazi, na hakuwa na kitu cha kumtupia ila mimi. Kwake sina hasira tena. Hasira yangu ni kwa waliokula kuku yule, na zaidi kwa shangazi, ambaye hakuwa mtu mbaya. Angeviona vile vijino viwili siku ile, angemaliza kunipangusa machozi, kisha angekwenda kumwambia bibi.