Vichwa Viwili, Namba Moja

Laki nne na elfu kumi na tano. Nimehesabu mara mbili, jibu ni lilelile. Hiyo ndiyo gharama ya mkasa wangu, na aibu sijaiweka humo, maana sijapata duka la kuipima bei. Mimi ni fundi spika hapa Chumbageni, na wanaonifahamu wanajua sitoi hata mia bila kuigeuza pande zote mbili, lakini hizi nimezitoa mwenyewe, bila kudaiwa na mtu, na bado sioni raha.

Yalianzia kwa Mzee Kombo, Mpemba aliyeendesha treni mpaka akastaafu. (Najua, Pemba hakuna reli hata futi moja, na wenzake walimkumbusha hilo kila siku ya kazi.) Miaka thelathini na nne hajagonga hata mbuzi, na hilo ndilo jibu alilowapa kila walipomcheka. Binti yake anayeishi Ujerumani akamletea treni za mezani, vichwa viwili vizuri ajabu, kila kimoja urefu wa ndizi ya kupika, na reli yake na rimoti. Tatizo vilikuwa bubu. Mzee akataka vingurume kama dizeli yake ya zamani, basi binti akatuma spika mbili ndogo na dikoda mbili. Dikoda ni kibao cha umeme kisichozidi ukucha wa dole gumba: kinapokea amri ya rimoti, kinaendesha mota, kinatoa sauti.

"Shikamoo mzee. Laki moja na nusu kwa vyote viwili."

"Marahaba. Elfu sitini."

"Mzee wangu, hii ni kazi ya kibano na miwani!"

"Basi sitini na kahawa."

Tukafunga kwenye sabini. Nikatoka natabasamu, lakini moyoni nikasema kazi ya sabini itakuwa kazi ya sabini.

Nyaya nilizichomea vizuri, hilo nalitetea popote. Mota niliitenga isiguse reli, spika nikaijengea kiboksi chake ili isilie kama nyuki ndani ya chupa. Lakini dikoda zote hutoka kiwandani na namba ileile, namba tatu, na kila kichwa lazima ukipe namba yake ili rimoti ijue inazungumza na nani. Kuibadilisha kulitaka nisome kijitabu cha Kijerumani kwa kukipiga picha na simu, ukurasa baada ya ukurasa, simu itafsiri. Nikakitazama kijitabu, nikaitazama sabini yangu, nikakirudisha kwenye boksi. Nikabandika vikaratasi chini ya matumbo yao, hiki 3, hiki 4, nikajiambia hiyo nne nitakuja kuiweka wiki ijayo, kwani nani ataendesha vyote viwili kwa mpigo?

Siku ya kukabidhi nikavijaribu mbele ya mzee, kimoja kimoja, kila kimoja mara mbili, rimoti iko kwenye tatu muda wote na mgongo wangu umeziba kioo chake. Mzee akakitegea sikio kimoja, akasema, "Huyu ana njaa ya oili," akacheka peke yake kama aliyekutana na rafiki. Nikachukua sabini yangu.

Jumapili ananiita nije kunywa kahawa. Nafika, nakuta sebule imejaa wastaafu wa reli, saba kwa hesabu yangu (nane, nilipohesabu tena), na Mzee Yohana ndiye kakaa mbele, Mbondei aliyekuwa stesheni masta, bingwa wa kumtania mwenyeji. Mezani reli imetandazwa njia moja, na vibao vya maboksi: Tanga huku, Muheza kule. Kichwa namba tatu kiko Tanga. Namba nne kiko Muheza, pembeni kwenye njia ya kupishania, kinatazama Tanga.

"Nne inasubiri," Mzee Kombo akaeleza, rimoti kaishika kwa mikono miwili. "Tatu inakuja, inapita, ndipo nne inatoka."

"Endesha bwana, tuone," Mzee Yohana akamwambia. "Karafuu zenu za Pemba usizianike sebuleni."

Akabonyeza. Ngurumo ikatoka Tanga, na ngurumo ikatoka Muheza.

"Mashallah! Sauti imejaa nyumba nzima!" wakapiga makofi, mmoja akanigonga bega, "Fundi, wewe mtu hatari!" na mimi nimekauka na kikombe mkononi, maana katika chumba kile ni mimi pekee niliyejua kwa nini sauti imejaa nyumba nzima. Ningepiga kelele pale pale. Nikapeleka kikombe mdomoni, maana makofi yalikuwa yananihusu.

Tatu ikaondoka Tanga. Nne ikaondoka Muheza.

"Kombo!" Mzee Yohana kasimama wima. "Hiyo nne nani kaipa njia?"

Mzee Kombo akahamisha rimoti kwenye namba nne, akazungusha mpaka sifuri, akazungusha tena. Nne haikuwepo duniani. Tatu zote mbili zikaendelea kuja. "Breki, Kombo, breki!" wazee wazima wamesimama, mmoja kafumba macho, na vile vichwa vikakutana uso kwa uso katikati ya meza, vikapinduka, vikaanguka sakafuni, na hata pale chini, vimelala ubavu na mapua yamepasuka, vikaendelea kunguruma vyote viwili, hadi Bi Mwanahija, mke wa Mzee Kombo, akachomoa waya ukutani.

Hakuna aliyecheka. Nilisubiri wacheke.

"Lazima iandikwe ripoti," Mzee Yohana akajaribu utani. "Dereva, ulikuwa umelala?"

Mzee Kombo akaweka rimoti mezani. Akanigeukia mimi, taratibu. "Fundi, ile nyingine ilikuwa namba nne, sivyo?"

Na mimi, mbele ya watu wanane, nikasema, "Ndiyo, mzee."

"Basi ni mimi," akasema. "Nimebonyeza vibaya."

Nimeshanunua maganda mapya ya vichwa vyote viwili, ile gharama niliyowatajia mwanzo. Kijitabu nimekisoma chote, namba nne nimeiweka kwa dakika mbili (dakika mbili, jamani!), na nimevijaribu pamoja, vinapishana kama watu wenye adabu. Naapa sitajaribu tena kimoja kimoja kitu kitakachoishi na mwenzake. Lakini nilipovipeleka, Mzee Kombo hakutoka chumbani. Bi Mwanahija akaniambia niviuze, mzee kasema mikono yake imekwisha.

Sasa nishaurini. Nimwambie yeye peke yake, nimpunguzie aibu na nijipunguzie mimi? Au nisubiri Jumapili wakutane wote, nimwambie mbele ya Mzee Yohana kwamba dereva hakukosea, aliyekosea ni fundi, na aliyesema uongo ni fundi? Msinijibu polepole. Jana nimemwona Mzee Kombo pale njia panda, barabara nyeupe, hakuna hata baiskeli, amesimama anamsubiri Bi Mwanahija amshike mkono ndipo avuke.