Paka Asubuhi na Jioni

Sisi madaktari wa mifugo wa Serengeti tumesomea ng'ombe. Mbwa huletwa kwetu kwa aibu, na mara nyingi shida yake ni kupe, viroboto au upele. Kwa hiyo mama mmoja wa Mbalibali aliponiletea mbwa mwenye mabaka ya mviringo mgongoni, nilikuwa nimeshatamka "upele" kabla hajakaa.

Nilikwangua ngozi nikatazama kwa darubini. Mdudu wa upele hakuwapo. Nikang'oa manyoya ya ukingoni mwa baka, nikatazama tena: fangasi! Yale yale mashilingi ya vichwani mwa watoto wa shule, ambayo kwa mbwa sikuwa nimewahi kuyaona. Nilifurahi peke yangu. Mama hakufurahi, maana mumewe alikuwa ameshatoa hukumu, na aliirudia kwangu kwa simu.

"Mura, hii mbwa itaambukiza wajukuu. Mavuno yakiisha haijapona, mimi nina mshale."

Mama alimpenda yule mbwa kuliko alivyokubali kusema. Ndiye pekee aliyewafukuza fisi zizini. Mzee akishalala, mbuzi wote wangeweza kuondoka na fisi wakamwachia kengele.

Nilimpa dawa ya maji, nikamwonyesha namna ya kumsugua mbwa kwa pamba. Wapi! Baka moja likipona, jingine linazaliwa. Watu wakaanza kuvuna mtama, nami nikaanza kukosa usingizi. Nikampa bodaboda chupa ya dawa kali zaidi ampelekee, nimeibandika plasta yenye maandishi: PAKA ASUBUHI NA JIONI.

Mavuno yalipokwisha nilikwenda mwenyewe, roho juu. Mbwa alinipokea langoni akitaka kunila, manyoya yamejaa mgongo mzima. Sijawahi kufurahia kufukuzwa kiasi kile.

"Shikamoo, mama," nilisema nikiwa bado juu ya pikipiki.

"Marahaba. Daktari, wewe unaona mbali! Ulijuaje kama ni paka?"

"Paka yupi?"

"Si uliandika? Paka, asubuhi na jioni. Mbwa nikaendelea naye kama ulivyonionyesha, na paka nikamsugua vilevile. Ona alivyonifanya." Mikono yake yote ilikuwa michoro ya kucha.

Paka mwenyewe alikuwa jikoni, juu ya gunia analolalia mchana pamoja na mbwa, akinitazama kwa chuki. Hapo ndipo nilipokumbuka somo la chuoni: paka anaweza kubeba fangasi hii bila baka hata moja, akawa anamgawia mwenzake kila wanapolala.

"Ni uzoefu tu, mama," nikasema. Mzee akanikamatia jogoo.

Sifa huku hukimbia kuliko pikipiki. Haukupita muda, akafika ofisini kwangu, mjini Mugumu, mwanaume kutoka Genkuru, ana mbwa mwenye upele wa kawaida kabisa, na begani gunia linalolia.

"Daktari," akasema, "mimi sina paka. Huyu nimeazima kwa shemeji. Atafaa?"