Hesabu Niliyoiita Bado

Mimi naandika programu. Si zile za simu ambazo watu wanaziona. Zangu ziko chini kabisa, ndani ya mfumo endeshi, pale kompyuta inapopanga mafaili kwenye diski. Majirani zangu hapa Usagara wameshachoka kuuliza. Nimekuwa "yule anayeshinda na kompyuta," basi, yameisha.

Mama alipolazwa, nilikuwa nimepewa kuandika programu ya ukaguzi wa diski. Diski ni kubwa, kibarua mmoja haimalizi leo wala kesho. Kwa hiyo tunaikata vipande, vipande vinakaa kwenye foleni, na vibarua kadhaa wanavichukua kwa wakati mmoja. Vibarua ni jina langu tu, ni programu ndogondogo, hazili wala hazilali. Pembeni nikaweka hesabu ya vipande vilivyosalia, nikaiita bado. Bado ikifika sifuri, msimamizi, programu inayowaongoza vibarua, anafunga kazi. Wenzangu wa nje wakaniandikia, bado ndiyo nini? Nikawajibu ni Kiswahili, mzoee.

Nyumbani nako tulikuwa na foleni yetu. Tuko watatu: dada, kaka, na mimi kitinda mimba. Mama alikuwa hataki kula kwa mkono wa nesi. Alishwe na mtoto wake, la sivyo anafumba mdomo. Mpemba yule, akikataa amekataa. Tena alikuwa anaogopa kuachwa peke yake, na alilisema waziwazi, yeye ambaye hakuwahi kusema anaogopa kitu. Dada akafungua kundi kwenye simu, kila asubuhi anaandika orodha: dawa, nguo za kufua, uji wa saa nne. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akatuambia. Anayechukua kazi anaandika "niachie mimi," dada anaifuta. Orodha ikiwa tupu, kila mtu anashika shughuli zake.

Jumatano ile uji ulikuwa umebaki peke yake. Nikaandika niachie mimi. Dada akafuta.

Nikaupika, uji wa mchele na pilipili manga kama anavyoupenda, nikautia kwenye chupa yake mwenyewe ya chai. Nikakaa kidogo kwenye kompyuta. Kidogo tu, nilijiambia, maana ule ukaguzi ulikuwa umenitia wazimu tangu Jumatatu. Ile bado inasoma sifuri, msimamizi anafunga na kubomoa kila kitu, kumbe kuna kibarua yumo ndani anaendelea na kazi. Mashine inaanguka.

Nilikuja kuliona kosa saa tano na robo. La kijinga, la kwangu mwenyewe. Nilikuwa napunguza hesabu pale kibarua anapochukua kipande, si pale anapokimaliza. Hajagusa kitu, moja imeshaondoka. Nikahamisha mstari mmoja tu, nikaushusha chini. Ukaguzi ukapita. Nilifurahi, siwezi kudanganya, nilifurahi kabisa. Ndipo nikaiona chupa mezani.

Nilipofika wodini walikuwa wameshamfunika. Nesi akaniambia, "Alikuwa anakuulizia. Tukamwambia uko njiani." Daktari naye akanieleza taratibu kwamba ni moyo, uji usingebadilisha kitu. Nilimwelewa. Nikasema asante. Sikuhisi chochote, nilikuwa nimeshika chupa tu, uji ndani una moto bado.

Kaka alikuwa Makorora, dakika kumi kwa pikipiki mpaka hospitali. Aliangalia orodha akaiona tupu, akaenda kunyoa.

Tulimzika baada ya alasiri. Kwenye matanga wanawake wakanipa vitunguu, nikamenya ndoo nzima, macho makavu. Shangazi, aliyekuja kutoka Mkwaja, akanitazama weee. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza, "Umeshalia wewe?"

"Bado, shangazi."

"Haya. Usijikaze sana, mwanangu."

Dada ndiye aliyekuja kukaa karibu yangu jikoni. Macho yake yalikuwa yamevimba. Akaninong'oneza, "Hebu niambie. Uji alikunywa?"

Sikufikiri. Nikasema, "Alikunywa. Kidogo."

"Alhamdulillahi," akasema, akanishika mkono. "Afadhali ulikuwepo. Mimi ningeingiwa na wazimu kama angekuwa peke yake." Akainuka, akawapa habari wengine. Nilimsikia akimwambia kaka, nilimsikia akimwambia shangazi. Kila aliyesikia alikuja kunishukuru, na mimi nikaendelea kumenya.

Ile programu sasa inafanya kazi kwenye mashine nyingi huko nje, na jina la hesabu wameliacha lilivyo. Sijalia. Naamka, nakunywa chai, nakaa kwenye kiti. Nachukia watu wakinisifu kwamba nina moyo mgumu.

Baada ya arobaini dada alinipigia simu. Tukasalimiana, akanipa habari za watoto, kisha akasema, "Ile chupa ya mama naitaka, mdogo wangu. Niwe natilia chai, nimkumbuke."

Nikaiangalia pale juu ya kabati, kifuniko hakijafunguliwa tangu Jumatano ile.

"Bado sijaiosha," nikamwambia.