Nduma kwenye kimkeka cha Simba

Leo mbwa wetu amenifichua mbele ya akina mama wa kanisa.

Simba ana kimkeka cha mpira chenye vijishimo. Ukikipaka uji, anaulamba polepole hadi anasahau kubweka. Shangazi alikileta juma lililopita. Mimi ndiye hukiosha kwa maji moto, sabuni na mswaki wa zamani, kishimo kwa kishimo.

Asubuhi nilikianika kwenye uchaga, kando ya sahani zetu. (Najua. Najua.)

Alasiri akina mama wakaja kwetu kwa maombi. Nilipoingia na chai, nikakuta Mama amepanga nduma juu ya kimkeka. Yeye hushinda sokoni, hakuwa amekiona. Alidhani ni sahani mpya.

Nilitaka kusema. Lakini mwenyekiti wao, Mama Mwenda, alikuwa akikisifu. "Sahani maridadi hii! Nduma hata hazitelezi."

Mama akatabasamu. Nikanyamaza.

Kisha Simba akaingia, akaketi wima mbele ya Mama Mwenda, mate yakimdondoka.

"Mbona huyu ananitazama hivi?"

"Hicho ni chombo chake," nikasema.

Mama Mwenda alikuwa bado anatafuna.

"Ulikiosha, Kendi?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama. Kwa mswaki."

"Mswaki wa nani?"

Wote wakacheka, isipokuwa Mama.

Jioni nimemkuta akipigilia msumari karibu na kibanda cha Simba.

"Kining'inize hapa," akasema.

Ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu ile chai. Nimeyapokea kwa mikono miwili.

Semeni kweli: ninyi mngesema mapema, au mngenyamaza kama mimi?