Maini ya Panya na Heshima ya Mjomba

Mke wangu hulala na kuamka na panya. Si wale wa darini kwetu Kihonda, ambao ni jukumu langu na wamenishinda. Wake ni panya weupe wa maabara, wanaokula kwa ratiba kuliko mimi. Anachunguza jeni moja inayotengeneza kimeng'enya cha kugeuza homoni za steroidi mwilini. Jeni hiyo ipo katika kila seli ya panya, kuanzia puani hadi mkiani, lakini kwenye seli nyingi imezimwa. Kwa madume waliokomaa inafanya kazi kwenye ini. Kwa majike, ini ni ini na jeni ni ile ile, ila kimya. Akataka kujua kama panya wa kawaida, wanaojitafutia riziki kwenye stoo za watu, nao wako hivyo.

Stoo alizozitaka ziko juu milimani, kijijini kwa ukoo wa mama yake. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Mjomba akikubali, majirani wote wanafungua milango. Akikataa, mke wangu anabaki na weupe wake, na nusu ya utafiti inaning'inia hewani.

"Nitamwelezaje?" aliniuliza. "Mimi nikianza tu, Kiingereza kinatangulia."

"Niachie mimi," nikasema. Nimesoma isimu chuo kikuu, naandika makala, na tangu hapo sijakutana na neno ambalo nimelionea aibu. Nikaandaa maelezo ya Kiswahili sanifu, nikayakariri mbele ya kioo cha kabati. Mke wangu aliomba ayasikie kwanza. Nikamwambia atulie, atayasikia huko huko.

Jumamosi tukapanda kwa bodaboda. Mjomba alitupokea barazani, kanzu imenyooka, kofia mpya. Mama yake, bibi yake mke wangu, alikuwa mkekani akipukuchua njegere.

"Shikamoo, mjomba. Shikamoo, bibi."

"Marahaba," mjomba akaitikia.

Bibi akageuza uso. "Mume gani huyu ananiamkia kama mgeni? Mvua zimepita zote hujaja. Umenogewa na mke mdogo, eh?"

Mke mdogo ni mke wangu. Kwa bibi, mume wa mjukuu ni mume wake pia, na ana ruhusa ya kumsumbua anavyotaka.

Chai ilipokwisha nikajikohoza. "Mjomba, utafiti huu unahusu namna jeni inavyojieleza katika tishu mbalimbali za panya."

Bibi akaacha njegere. "Tishu?"

"Ndiyo, bibi. Kila tishu na kazi yake."

"Kumbe huko mjini panya mnawapa tishu! Wajipanguse nini?"

Mke wangu akakohoa ndani ya kikombe. Neno hilo nilikuwa nimeishi nalo vitabuni mpaka nikasahau kwamba linauzwa dukani, kwa pakiti.

"Hapana, bibi. Tishu ni kama nyama. Ya ini, ya figo..."

"Sasa kuna tishu za nyama," bibi akamwarifu mwanawe. "Dunia imekwenda."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaona wasikilizaji wananiponyoka, niwarudishe kwa jambo zito. "Kwa kifupi, mjomba, tunataka kuona ini la dume linavyoshughulika na homoni za kiume. Na panya wa stoo yako ndio hasa tunaowahitaji."

Ndani ya nyumba mwanamke alicheka, akakibana kicheko haraka.

Nisichokijua ni kwamba mjomba alikuwa ameoa tena baada ya mavuno, na bibi harusi ni kijana. Mke wangu angenionya, lakini nilikuwa nimemnyima hotuba yangu. Kijiji kizima kilikuwa kinasubiri kisingizio cha kucheka.

"Mkwe," mjomba akasema taratibu, "nani kakutuma?"

"Hakuna, mjomba. Ni sayansi."

"Kesho watu wasikie kwangu kunatafutwa dawa ya kiume kwenye magunia ya mahindi. Nitakaa kijiwe gani cha kahawa mimi?"

"Si dawa, ni homoni za..."

"Mume wangu," bibi akanikatiza, "ukilirudia hilo neno mwanangu atahama. Na kama panya wangekuwa wanasaidia, tungekuwa tumeshaona."

Mjomba akasimama. "Hapana. Hatoki panya hapa."

Mke wangu hakunitazama, na nilimshukuru. Alishuka mkekani, akachota njegere mbili tatu, akaanza kupukuchua na bibi yake.

"Mjomba, tukiwa na kikao cha shamba, ukoo wote tunakuwepo, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Lakini wanaosema ni wachache. Walionyamaza nao si ni wa ukoo?"

"Ni wa ukoo. Ila zamu si yao."

"Basi panya ana urithi mmoja, anao mwili mzima. Mkiani upo, umenyamaza. Kwenye ini la huyu unasema, kwenye ini la yule umenyamaza. Nataka kujua ni nini kinaunyamazisha. Nitachukua majike na madume. Ukiulizwa, sema mwanao anasoma maini ya panya. Basi."

Mjomba akarudi kukaa. "Maini."

"Maini tu."

"Na hayo mambo ya kiume?"

"Hayamo, mjomba."

Kisayansi ule ulikuwa uongo wa mchana kweupe. Kwa mara ya kwanza siku ile, nikafunga mdomo.

Mjomba akavua kofia, akaivaa tena. "Haya, tegeni. Lakini watu watauliza, na wa kuwajibu ni wewe peke yako. Huyu mkwe abebe mitego."

Asubuhi iliyofuata nilibeba mitego mingine, masanduku ya bati, hadi stoo ya jirani, na mwenye stoo akatufuata, mswaki mdomoni. Tayari mitego tuliyoiacha humo jana jioni ilikuwa inakwaruzwa kwa ndani. Mke wangu alivaa glavu, akatoa panya wa kwanza, akamgeuza, uso ukamchanua.

"Dume," akaninong'oneza.

Mwenye stoo akasogea kwangu. "Shemeji, hivi hasa mnatafuta nini?"

Nilikuwa na sentensi nzuri sana. Nikamwonyesha mke wangu kwa kidevu.

"Maini," mke wangu akajibu bila kugeuka.

Yule bwana akatoa mswaki mdomoni, akaangalia upande wa nyumba ya mjomba, akashusha sauti.

"Na mzee huwa anayachemsha, au anakula mabichi?"